Seli ya Haidrojeni Chini ya Boneti: Vidokezo kwa Mafundi wa Ntimaru

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ikitangaza bei mpya za mafuta, mazungumzo kwenye steji ya magari ya Probox hapa Ntimaru, Kaunti ya Migori, hubadilika. Septemba 2023 lita ya petroli ilipopita shilingi 200 hata Nairobi, ndipo video zile zilianza kupita kwa kasi kutoka simu hadi simu: mtungi wa plastiki, vibamba vya chuma ndani yake, mapovu meupe kama maziwa yakipanda, na mpira mwembamba unaoingia kwenye mdomo wa hewa wa injini. Maji yanagawanywa kwa umeme wa gari, gesi inachomwa pamoja na petroli, na dereva anaahidiwa kwamba tangi litakaa siku nyingi zaidi.

Nimekaa na mafundi wetu wakizifunga seli hizi, na ninaipenda kazi yao. Kijana aliyeunda seli kwa mikono yake, akaiona ikitoa gesi, ameshika sayansi kwa vidole. Kwa hiyo anastahili kuambiwa mambo yote mawili: namna ya kuifanya seli itoe gesi zaidi, na gesi hiyo inafika wapi ikishaingia kwenye injini.

1. Pima kwanza, kabla hujagusa nati

Chukua chupa ya soda ya nusu lita, ijaze maji, igeuze kichwa chini ndani ya karai la maji. Ingiza mpira wa seli chini ya mdomo wa chupa, kisha anza saa ya simu. Gesi itasukuma maji nje. Andika sekunde zilizopita hadi chupa iishe maji, na papo hapo andika ampea zinazoingia kwenye seli. Fanya hivi nje, mahali pa wazi, pasipo sigara wala jiko la makaa jirani, na ukimaliza iachie gesi ipande angani. Kilichomo kwenye chupa ile ni haidrojeni na oksijeni zikiwa tayari zimechanganyika. Cheche moja inatosha kuipasua mkononi.

Michael Faraday alichapisha kanuni yake mwaka 1834 na haijabadilika: gesi hufuata ampea. Ampea moja ikipita kwenye chumba kimoja, yaani nafasi kati ya bamba na bamba, kwa dakika moja huzaa karibu mililita 11 na nusu za gesi pale Mombasa kwenye usawa wa bahari. Huku kwetu nyanda za juu, kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi na gesi hutanuka, kwa hiyo ampea ileile itakuonyesha karibu mililita 13 na nusu. Gesi ni ileile, imevimba tu. Usije ukadhani seli ya Ntimaru imeishinda ya Mombasa.

Na kama chupa yako inajaa haraka kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu, gusa mpira. Ukiwa wa moto, unapima mvuke wa maji. Video nyingi zenye mapovu ya kutisha zinaonyesha seli inayochemka.

2. Sumaku ifike dukani kabla ya pesa

Bamba la chuma cha kawaida litaoza ndani ya siku chache na maji yatageuka mchuzi wa kutu. Unachotafuta ni stenlesi, na iliyo bora ni aina ya 316L; ile ya 304 hufanya kazi ila huchakaa mapema zaidi. Nenda na sumaku. Stenlesi za aina hizi hazivutwi nayo, au huvutwa kidogo sana mahali palipokunjwa. Sumaku ikinata kwa nguvu, rudisha bamba mezani.

Kisha kazi ya mkono. Piga msasa wa kukwaruza pande zote mbili, kwanza mshazari wa kulia, kisha wa kushoto, hadi bamba lijae mistari inayokatana kama mkeka. Uso laini hushikilia mapovu, na povu lililong'ang'ania bamba ni mahali ambapo umeme haupiti. Uso uliokwaruzwa huyaachia yakiwa bado madogo. Osha kwa sabuni, suuza, na tangu hapo shika bamba kwa kingo zake tu, maana mafuta ya vidole huacha alama ambayo gesi huikwepa.

3. Vyumba sita kwa betri moja

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Fundi anaweka bamba mbili, moja chanya na moja hasi, kisha anaziunganisha moja kwa moja na betri ya gari. Mapovu yanatoka, ndiyo, lakini baada ya robo saa mtungi haugusiki.

Maji huhitaji volti 1.23 kugawanyika, na kwa seli ya kienyeji yenye kutoa gesi ya kutosha hesabu karibu volti 2 kwa kila chumba. Gari likiwa linanguruma, alternata inatoa karibu volti 13.8. Ukizimwaga zote kwenye chumba kimoja, mbili hivi zinazaa gesi na zilizobaki zinapika maji. Panga bamba saba: ya kwanza chanya, ya mwisho hasi, tano za katikati zisiunganishwe na waya wowote. Utapata vyumba sita, kila kimoja kikipokea karibu volti 2.3, na ampea ileile itafanya kazi mara sita, chumba baada ya chumba. Badiliko hili peke yake huzidi mengine yote kwenye orodha hii.

4. Milimita mbili au tatu

Bamba zikikaribiana sana mapovu yanakwama katikati. Zikiachana sana umeme unachoka njiani. Nafasi ya milimita 2 hadi 3 inatosha. Tumia gaskiti za mpira zenye unene mmoja, na matundu ya kupitisha maji na gesi yawe madogo, tena yapishane: juu kulia kwenye bamba moja, juu kushoto kwenye linalofuata. Matundu makubwa yaliyokaa mstari mmoja huupa umeme njia ya mkato, ukaruka vyumba vya katikati bila kuzaa chochote.

5. Chumvi ibaki jikoni

Maji safi hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo lazima yatiwe kitu. Wengi huanza na chumvi kwa sababu ipo nyumbani. Tafadhali usiitumie. Chumvi ikipigwa umeme hutoa klorini, gesi ya sumu. Ukinusa harufu kama ya Jik kwenye seli yako, ondoka hapo na uzime. Soda ya kuokea nayo huongeza kaboni dayoksaidi ndani ya gesi, nawe unaihesabu kama haidrojeni. Asidi ya betri hula stenlesi.

Kinachofaa ni potasi kostiki, na ikikosekana, kostiki soda ileile wanayotumia watengeneza sabuni. Kazi yake ni kupitisha umeme tu. Yenyewe haiishi, yanayoisha ni maji. Anza na kidogo, pima ampea, ongeza kidogo tena. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani. Usichanganyie kwenye sufuria ya alumini: kostiki huila alumini kwa kasi, ikatoa moto na haidrojeni mezani pako. Chupa ya soda nayo haifai kuihifadhia, kwani plastiki yake hudhoofika taratibu. Tafuta mtungi wa plastiki mgumu, wa aina inayowekewa kemikali hizo dukani, uuandike kwa maandishi makubwa na uuweke juu ambapo mtoto hafiki.

Maji ya kuongeza yawe yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Ya kisima yana chokaa na madini yatakayoganda kwenye bamba.

6. Ampea hupanda na joto

Asubuhi seli inavuta ampea 12, umefurahi. Ukifika Kehancha inavuta 25. Majimaji yakipata joto hupitisha umeme zaidi, umeme zaidi huleta joto zaidi, na mzunguko huo unaweza kuishia kwa mtungi uliolegea na waya zilizoyeyuka. Funga seli mahali upepo unapopita, mbali na eksozi, kamwe isiwe ndani ya gari walipo abiria. Pima ampea seli ikiwa ya moto, baada ya saa nzima ya safari. Ikizidi kiwango ulichopanga, punguza kostiki. Kuna vidhibiti vya umeme vinavyokata na kuunganisha mara nyingi kwa sekunde, na vinasaidia kubana ampea. Anayekuambia kifaa hicho huzaa gesi kupita kanuni ya Faraday anauza hadithi.

7. Fyuzi na rilei

Waya nene, fyuzi karibu na betri, na rilei inayozima seli injini inapozimika. Swichi ya funguo peke yake haitoshi: gari likizimikia njiani huku funguo imewashwa, seli huendelea kujaza gesi ndani ya mpira na sanduku la chujio. Rilei iamke kwa shinikizo la oili, ili pasipo injini pasiwe na gesi.

8. Chupa ya mapovu isikosekane hata siku moja

Kati ya seli na injini weka chupa nyingine yenye maji nusu. Gesi iingie chini ya maji, ipande kama mapovu, itokee juu. Chupa hii hufanya kazi mbili. Moto ukirudi kutoka kwenye injini unakutana na maji na kufa hapo, badala ya kuingia kwenye seli. Pia huosha ukungu wa kostiki unaobebwa na gesi. Bila chupa hiyo ukungu unafika kwenye njia ya hewa ya injini, ambayo mara nyingi ni ya alumini, na umeshasoma hapo juu kostiki inaifanyia nini alumini.

Mfuniko wake uwe wa kusukumwa, si wa kufungwa kwa skrubu, ili shinikizo likija uruke wenyewe chupa isipasuke vipande. Valvu ya kuzuia gesi kurudi nyuma haichukui nafasi ya maji.

Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, kiwango kipana mno, na cheche ya nguo ya nailoni inaweza kuiwasha. Mwali wake mchana karibu hauonekani. Usiihifadhi gesi hii kwenye mtungi, mpira wa gari, baluni wala mfuko. Izaliwe, itumike, iishe.

Maji yakigeuka kahawia, hilo tope ni chuma na kromu kutoka kwenye stenlesi, na kromu ya namna hiyo inaweza kuwa sumu ya kusababisha saratani. Usilishike kwa mikono mitupu, wala usilimwage mtoni au kwenye shamba la mahindi.

9. Sasa piga hesabu ya petroli

Tuseme umefuata yote. Una vyumba sita, ampea 15, volti 13.8. Seli yako inatoa karibu lita moja ya gesi kwa dakika kwa kipimo cha usawa wa bahari. Ni seli nzuri. Inakunywa wati 207 za umeme, na haidrojeni inayotoka, ikichomwa yote, ina nguvu ya karibu wati 113.

Wati hizo 207 hazitoki hewani. Alternata inapozitengeneza hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopokea kwenye mkanda, na injini yenyewe hugeuza karibu robo tu ya petroli kuwa mzunguko. Rudisha hesabu nyuma hadi kwenye tangi: kuendesha seli kwa saa moja kunagharimu karibu mililita 170 za petroli, kama kikombe kidogo cha chai. Haidrojeni uliyoipata kwa saa hiyo hiyo ina nguvu sawa na mililita 13 za petroli. Hicho ni kijiko kimoja cha mezani, tena hakijajaa.

Seli bora haibadilishi picha hii. Ukiongeza gesi mara mbili, kikombe kinakuwa vikombe viwili na kijiko vijiko viwili.

Nimeulizwa: je, haidrojeni kidogo haiwezi kuisaidia petroli iungue vizuri zaidi? Injini ya gari la kisasa iliyo na afya huiunguza karibu petroli yote inayoingia, kwa hiyo kilichobaki cha kuokoa ni kidogo mno. Watafiti wa NASA mwaka 1977 waliijaribu injini kwa mchanganyiko wa petroli na haidrojeni, lakini haidrojeni ile ilikuwa nyingi, na iliruhusu injini kutumia hewa nyingi zaidi kuliko kawaida. Injini ya lita 1.5 kwenye mwendo huvuta mamia ya lita za hewa kwa dakika, na seli yetu inaitilia lita moja.

Huko Marekani, jimbo la Ohio, Stanley Meyer alitangaza gari linalotembea kwa maji. Wawekezaji wawili walimpeleka mahakamani, na mwaka 1996 mahakama iliamua kwamba ni ulaghai, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Namtaja kwa sababu jina lake bado linazunguka kwenye video zetu bila sehemu hiyo ya hadithi.

Lakini dereva atakuapia kwamba ameona tofauti, na si mwongo. Siku aliyofunga seli alibadilisha pia plagi na chujio. Tena mtu anayechunguza mafuta yake hukanyaga taratibu. Ukitaka kujua ukweli wa gari lako, jaza tangi hadi shingoni kwenye pampu ileile, nenda Isebania na kurudi kwa mzigo uleule, jaza tena, andika lita. Rudia mara tatu seli ikiwa imewashwa na mara tatu ikiwa imezimwa, na swichi aishike mtu mwingine asiyekuambia ni siku gani ameiwasha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

10. Kompyuta ya gari haipendi mgeni

Probox ina sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Wauzaji wa seli husema gesi inaleta oksijeni ya ziada, sensa inadhani petroli ni haba, kompyuta inaongeza petroli. Ndipo wanapokuletea kifaa kingine cha kuidanganya sensa. Kikifanya kazi yake, injini inaunguza petroli haba na kupata joto kupita kiasi, na gharama ya valvu huijui mpaka ikufike.

11. Pikipiki: usifunge

Umeme wa pikipiki ya bodaboda unatosha taa, honi na kuchaji betri yake ndogo. Ukiunganisha seli, taa itafifia usiku na asubuhi pikipiki haitawaka.

12. Petroli iko juu ya paa na kwenye magurudumu

Pesa uliyotaka kuweka kwenye stenlesi, anza nayo hapa. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba upepo sahihi wa magurudumu huokoa wastani wa asilimia 0.6, na hadi 3 kwa baadhi ya magari. Ni kidogo, lakini ni cha kweli, na kinalipwa kwa shilingi chache za upepo. Sanduku kubwa juu ya paa hula asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Fikiria basi mikungu ya ndizi na magunia tunayoyapandisha juu ya Probox. Kinachoweza kuingia ndani kiingie ndani, na keria ikiwa tupu ifunguliwe. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono: likigoma, breki inakamata, na unachoma petroli kupigana na breki yako mwenyewe. Vumbi jekundu la kiangazi huziba chujio, likung'ute kila wiki. Na injini izimwe mnaposubiri abiria wa mwisho kwenye steji.

13. Seli uliyokwisha kuiunda, usiitupe

Ing'oe kwenye gari uilete mezani. Mwali wa haidrojeni na oksijeni una joto la karibu nyuzi 2,800, ni mwembamba kama sindano, na masonara sehemu nyingi duniani huutumia kuunga dhahabu, kwa mashine zilizoundwa na kinga za moto kurudi nyuma. Kaunti yetu ya Migori ina dhahabu, toka Macalder hadi machimbo ya Osiri. Fundi anayeelewa vyumba, ampea na chupa ya mapovu tayari ameivuka nusu ya njia ya kuitunza mashine kama hiyo.

Na haidrojeni yenyewe inakuja Kenya kwa mlango mwingine. Mkakati wa taifa wa haidrojeni ya kijani, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, umeweka mbolea mbele: maji yagawanywe kwa umeme wa mvuke wa ardhini, upepo na jua, haidrojeni iunganishwe na naitrojeni ya hewa, itoke mbolea tunayoinunua sasa kutoka nje. Mkulima wa mahindi wa huku kwetu Kuria huenda akakutana nayo kwenye gunia kabla ya kuiona kwenye gari.

Kabla ya hapo, ipo shule ya sekondari isiyo mbali nawe ambapo kidato cha nne wanasoma mgawanyo wa maji kwa umeme kutoka ubaoni. Wapelekee vipande viwili vya stenlesi, betri, bakuli la plastiki na mirija miwili ya kioo iliyojaa maji yenye kostiki kidogo, mmoja juu ya kila kipande ili gesi zisichanganyike. Waache watazame dakika kumi. Kwenye mrija wa upande hasi maji yatakuwa yameshuka mara mbili ya upande wa pili, na hapo mwalimu hana haja ya kuandika kitu.